Kaunta Buku ya Kassian

Beno alichukua kaunta buku ya kaka yangu siku ya mazishi, mbele ya watu wote, na mimi nilitakiwa nicheke.

Hiyo ndiyo desturi yetu Wapogoro, na kwa ujumla sina ugomvi nayo. Ukoo wa Beno na ukoo wetu ni watani tangu babu zetu walipokuwa Mahenge. Mtu wetu akifa, wao ndio wanaochimba kaburi. Wao ndio wanaovaa nguo za marehemu, wakatembea kama yeye, wakakohoa kama yeye, wakasema uongo wake wa kila siku, mpaka waliokuwa wanalia wanajikuta wanacheka. Mtani akishika kitu cha marehemu akasema "hiki changu", humnyang'anyi. Unasubiri siku ya kuanua matanga, unampelekea kuku, anakurudishia. Na hata akuudhi namna gani, humkasirikii. Ukimpiga mtani unalipa mbuzi, na aibu inabaki kwenu.

Sawa. Lakini Beno alipelekewa kuku akamkataa.

"Bado," alisema, akamshika yule kuku, akampapasa kifua kama mtu anayepima nyama, akanirudishia. Wiki mbili baadaye nikapeleka jogoo. Akamkataa pia. Mtani anayekataa kukombolewa si mtani tena, ni mwizi, na mwizi mimi najua pa kumpeleka.

Ngoja kwanza nieleze hicho kitabu, maana wapo wanaosema mimi, Leticia fundi cherehani, nimechanganyikiwa kwa ajili ya daftari.

Kaka yangu Kassian alikuwa dereva wa wageni waliokuja Ifakara kutafiti mbu. Mmoja wao alipoondoka alimwachia boksi. Ndani mlikuwa na vitabu vitatu vinene vya Kiingereza, vimejaa picha za majoka, na mfuko wa dadu saba ambazo sijawahi kuona dukani: moja ina pande nne, nyingine nane, kubwa kuliko zote ina pande ishirini. Mchezo wenyewe ni rahisi. Mmoja anasimulia: mko porini, mbele yenu kuna daraja limekatika. Wengine kila mmoja ana mtu wake kwenye hadithi, mwindaji au mganga au mpiga upinde, na anasema mtu wake anafanya nini. Pale pasipo na uhakika, dadu inaamua. Msimulizi alikuwa Kassian. Tulicheza kila Jumapili baada ya misa ya pili, kwenye kibaraza cha duka langu, juu ya meza yangu ya kukatia nguo.

Watu wakisikia habari za mchezo huo wanaulizia vile vitabu vitatu. Mimi siwezi kuvitetea. Ni vizuri kwa kutazama, na kimoja kilitusaidia miaka kadhaa kuzuia mlango usijifunge kwa upepo. Kila ukurasa theluji, kila ukurasa ngome ya mawe. Mwezi wa kwanza tulicheza humo na hakuna aliyeogopa kitu. Joka linalolalia dhahabu limtishe nani hapa, wakati kila mtu ana ndugu aliyepinduliwa na kiboko?

Kassian akaviweka pembeni, akanunua kaunta buku nene, akaanza kuandika cha kwetu. Hicho ndicho kitabu. Kilikuwa na jedwali la kuvuka mto mwezi wa nne: unarusha dadu ya pande ishirini, unatazama umekutana na nini. Tatu, mtumbwi umetoboka. Tisa, mamba, lakini ameshiba. Kumi na nne, mtu anakuita kwa jina kutoka ng'ambo, na ng'ambo hakuna mtu. Kulikuwa na jedwali la matope, la njaa, la mambo yanayosikika gizani kwenye mashamba ya mpunga, la majina mia mbili ya watu ili Kassian asikwame mtu akimuuliza mwenye duka anaitwa nani. Ramani alichora kwa penseli. Mengine yote tulitengeneza sisi. Mimi nilitoa kitambaa cheusi cha kutandika mezani, na hakuna chombo cha mchezo huu kinachoshinda kitambaa cheusi na chaki ya fundi: unachora pango, unalipangusa kwa kiganja, unachora mto. Watu wetu walikuwa vifungo. Msimulizi alijificha nyuma ya kipande cha boksi la madaftari, ili tusione anachosoma.

Hadithi yetu ilikwenda miaka mitatu. Tulikuwa safarini kwenda ng'ambo ya mto mkubwa, ambako kuna mji uliowachukua watu wa kijiji chetu, na hakuna aliyewahi kurudi kusema una nini. Jumapili ya mwisho wa Februari tukafika ukingoni. Kassian akafunga kaunta buku, akaigonga kwa vidole.

"Jumapili ijayo mnavuka," alisema. "Yote yameandikwa humu."

Alhamisi akafa.

Alikufa kwa presha. Alikuwa ameandikiwa vidonge, na kila jioni nilimuuliza kama amemeza, na kila jioni alisema amemeza. Siku ya mazishi, tulipotoa vitu vyake chumbani, nilikuta pakiti nne chini ya godoro, hazijafunguliwa. Nilizitupa chooni, kisha nikatoka nje na kumtukana Beno moyoni, kwa sababu Beno ndiye aliyekuwepo pale uani, amevaa koti la kaki la kaka yangu, anachekesha watu.

Alikuwa amemwiga vizuri, siwezi kukataa. Aliketi kwenye kiti, akalamba kidole, akafungua kaunta buku mwishoni. Hapo akanyamaza kidogo. Watu wakadhani ni sehemu ya mzaha, wakacheka. Akaifunga, akaipachika kwapani. "Hii yangu!" Na tangu siku ile sikuiona.

Jogoo alipokataliwa nilikwenda kwa Mzee Raimundi, mwenyekiti wetu wa mtaa.

"Shikamoo, mzee. Nimekuja kushtaki. Nimeibiwa."

"Marahaba, mwanangu. Pole sana. Unamshitaki nani?" Akachukua kalamu.

"Beno wa Michenga."

Kalamu ikasimama. "Beno yupi? Si mtani wenu?"

Nikasema ndiye. Mzee Raimundi alicheka mpaka akavua miwani. Alimwita mke wake aje asikie. "Mwanangu," akasema alipopata pumzi, "nikiandika hapa kwamba mtu kamshtaki mtani wake kwa kitu cha msibani, mimi mwenyewe nitakuwa kichekesho mpaka Mngeta. Mpelekee kuku wa tatu."

Niliondoka bila kuaga. Mpaka naandika haya sijawahi kumuomba radhi, na sijui kama nitamuomba.

Jumapili ile wenzangu walikuja kibarazani. Tulikuwa hatujacheza tangu mazishi, ila walikuwa wanakuja, wanakaa. Deogratias, ambaye ni nesi na anapenda kila jambo limalizike upesi, akasema tutumie vile vitabu vya Kiingereza, tubuni wenyewe kilichobaki.

"Kubuni nini?" nilimuuliza. "Kimeshaandikwa! Kassian ameandika miaka mitatu, wewe uje ubuni kwa dakika kumi?"

"Basi usinipigie kelele, dada."

"Nitapiga!"

Restituta, anayeuza perege sokoni na ambaye kwenye hadithi ni mwindaji, alikuwa anachezea kifungo chake. "Mimi mtu wangu amesimama ukingoni tangu Februari," alisema polepole. "Miguu imeshaoza. Leti, nataka tu kujua ng'ambo kuna nini. Nikishajua hata tusipocheza tena, basi."

Hapo ndipo nilipochukua baiskeli. Sikufunga hata duka, nilimwambia Deogratias alinde vitambaa. Ilikuwa Juni, barabara ya Michenga imekauka, imebaki na mabonde ya matairi ya trekta, na mimi niliikanyaga baiskeli ile kama ndiyo iliyoniibia. Njia nzima nilipanga maneno. Nilipanga matusi ya kumtosha Beno, ya kumtosha baba yake na ya akiba.

Nilimkuta uwanjani kwake, anapiga mpunga. Mke wake, Serafina, alikuwa anapepeta pembeni.

"Karibu, mtani," Serafina akasema. "Karibu maji."

"Sijaja kunywa maji. Beno, naomba kitabu."

"Kuku wa tatu yuko wapi?" Beno akauliza, akaendelea kupiga.

"Sina kuku. Nimekuja na mdomo wangu. Wewe ni mwizi, Beno. Umejificha kwenye utani kama mende kwenye kabati. Kaka yangu ameacha kitu kimoja tu cha maana duniani, hakuacha mtoto, hakuacha shamba, ameacha kile kitabu, na wewe umekikalia miezi mitatu kwa kujifurahisha. Watu wanangoja. Unajua wanangoja nini? Wanangoja maneno yake ya mwisho!"

Beno akaweka chini fimbo ya kupigia. Alinitazama muda mrefu, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na utani usoni.

"Nenda nyumbani, Leti," alisema. "Nakuomba."

"Siondoki."

Akaingia ndani. Alirudi na kaunta buku imefungwa kwenye mfuko wa nailoni, safi, hata kona haijakunjika. Nikamnyang'anya. Nilipita jedwali la kuvuka, la matope, la majina, ramani. Nikafika mwisho. Juu ya ukurasa kulikuwa na neno moja, NG'AMBO, limepigiwa mistari miwili kwa kalamu nyekundu. Wino ulikuwa umeanza kufifia, wa miaka mitatu huo. Chini yake hakukuwa na kitu. Nikafunua. Hakuna kitu. Nikafunua kurasa arobaini, moja moja, nikidhani labda ameruka.

"Nilikiona siku ile pale kwenye kiti," Beno akasema. "Wenzako wote wamekaa mbele yangu, wanasubiri. Ningekuachia, ungekifungua usiku uleule mbele yao. Mimi kumcheka Kassian naweza, ndiyo kazi yangu. Kumvua nguo siwezi. Nikasema nitakukatalia mpaka uchoke, uninunie mimi."

Sijui niseme nilihisi nini. Nilikuwa na hasira nilipofika, lakini zile zilikuwa hasira za kuazima. Hizi zilitoka chini kabisa. Yote yameandikwa humu. Nimemeza. Kassian aliyasema kwa macho makavu, kwa uso wa mtu mwema, na mimi nimeamini yote mawili, na nikamshonea suti ya kuzikwa kwa mikono yangu.

"Mwongo," nikasema. "Mwongo mkubwa!"

"Mimi?"

"Si wewe!"

Serafina alikuwa ameacha kupepeta. Beno akarudi ndani tena. Safari hii alitoka amevaa lile koti la kaki. Akavuta kigoda, akaketi, akakohoa mara mbili vilevile, kikohozi cha kwanza kikubwa na cha pili kama cha kuomba radhi.

"Uliza," akasema. Sauti haikuwa yake.

"Beno, usinifanyie hivyo."

"Beno hayupo. Uliza, Leti. Siku ya mazishi ulikataa hata kunitazama."

Nilitaka kuondoka. Nilishika baiskeli kabisa. Halafu nikaiachia ikaanguka.

"Kwa nini ulisema umemeza?"

Akakuna kidevu kama alivyokuwa anakuna. "Ulikuwa unauliza na macho yametoka. Nikaona nikisema sijameza hutalala. Vile vidonge vilinipa kizunguzungu, na dereva mwenye kizunguzungu hana kazi. Nikasema nitaanza kesho."

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Na ng'ambo? Restituta nimwambie nini? Kuna nini ng'ambo?"

Upepo ulikuwa unavuta makapi kuelekea mtoni.

"Sijui," akasema. "Kila Jumamosi niliketi niandike. Sikuwa na kitu. Nikawa nawazungusha tu porini ili msifike."

Nikamzaba kofi. Sikulipanga, mkono ulikwenda wenyewe, na lilikuwa kofi la mtu anayekata vitambaa vya suruali kutwa. Serafina akaziba mdomo. Kuku wakatawanyika. Beno akajishika shavu, na alipozungumza alikuwa Beno mwenyewe, sauti yake ya Michenga.

"Hilo kofi umempiga nani?"

"Kassian."

"Basi mimi mbuzi sidai," akasema, akanigeuzia shavu la pili.

Nikalipiga na hilo.