Mnyonyesho wa Tano

Maziwa yalishuka polepole ndani ya bomba la sindano, yakaingia kwenye mpira mwembamba uliopita puani mwa mtoto, na Mgeni akasema moyoni: mbili.

Sista Leticia alikuwa amelishika bomba juu kidogo ya kichwa cha mtoto. Hakulisukuma; aliyaacha maziwa yateremke yenyewe, tone kwa tone, huku akimtazama mtoto kifua. Lilipobaki tupu, akalichomoa, akaandika saa kwenye karatasi iliyoning'inia pembeni, akaenda kwa mtoto mwingine. Mgeni alibaki kwenye kiti cha plastiki, mikono mapajani, kama mtu aliyealikwa kwenye shughuli ya watu asiowajua. Binti alikuwa wake. Maziwa hayakuwa yake.

Alikuwa na miaka thelathini na tisa. Kabla ya binti huyu alikuwa amepoteza mimba tatu, na hii ya nne nayo ilikatishwa njiani: shinikizo la damu lilimpanda akiwa dukani kwake Mtaa wa Narung'ombe, pazia la mteja likiwa bado kwenye cherehani, na madaktari wakalazimika kumpasua akiwa katika wiki ya thelathini. Mtoto alitoka na kilo moja na gramu mia moja. Mgeni alipopata fahamu alimkuta ndani ya kisanduku cha joto, amevishwa kofia inayoweza kuvishwa chungwa. Siku nne alikamua matiti yake kwa mkono, kwa kitambaa cha maji ya moto, kwa dua na kwa hasira. Yaliyopatikana hayakulowesha chini ya kikombe.

Kwenye kitanda cha dirishani, katika chumba cha akina mama, alilala Hyasinta. Huyu alikuwa msichana wa miaka ishirini na miwili, Mkristo, mwenyeji wa Masasi, aliyekuwa akikaanga samaki soko la Feri mpaka wiki moja kabla ya kujifungua. Mwanawe, Athanas, naye alizaliwa mapema, lakini sasa alikuwa amenenepa na ananyonya mwenyewe. Maziwa ya Hyasinta yalikuwa yakijaa bila kuitwa. Akicheka yanamtoka, mtoto wa mwenzake akilia upande wa pili yanamtoka, kila asubuhi alianika khanga iliyolowa kifuani.

Daktari ndiye aliyetoa wazo. Damu ya Hyasinta ilikuwa imepimwa, ilikuwa safi, naye alikubali kabla sentensi ya daktari haijaisha. Sadalla, mume wa Mgeni, alikubali vilevile. Alitaka tu kumjua mtoaji kwa jina, jina la baba yake na mtaa anaokaa, kwa sababu mtoto akikua lazima ajue ndugu zake wa kunyonya ni nani, asije akaolewa na mmoja wao. Aliyaandika yote kwenye simu yake, kisha akamwambia Hyasinta kwa furaha iliyokuwa haijapita usoni mwake tangu siku ya upasuaji:

"Basi mwanangu, umekuwa mama wa binti yetu."

Hyasinta aliinamisha kichwa, akatabasamu. Mgeni, aliyekuwa amesimama baina yao, alihisi kitu kikimkwaruza kutoka kooni hadi kitovuni. Akakumbuka alivyofundishwa chuo cha Kurani akiwa msichana: minyonyesho mitano. Ikitimia, mwanamke ni mama. Kabla ya hapo, ni jirani mwema tu.

Ndiyo maana alikuwa akihesabu.

Wa tatu ulikuwa asubuhi. Baada yake Sadalla alikuja na supu ya pweza, ile wanayopewa wazazi ili maziwa yashuke. Alikuja na vyombo viwili. Cha kwanza alimpa Hyasinta.

"Kunywa yote," akamwambia. "Mama yangu ameamka alfajiri kukupikia."

Cha pili alimpa mkewe, bila neno, kama anayejua kwamba hakitasaidia. Labda hakuwa na nia hiyo. Labda alikuwa amechoka tu. Lakini Mgeni alikitazama chombo cha Hyasinta, akakitazama chake, akaona pweza wa Hyasinta ni mwingi zaidi. Akajiona jinsi alivyo, mwanamke mzima mwenye duka lake, anapima vipande vya pweza kwa macho, na aibu hiyo ikazidi kumkasirisha.

Wa nne ulikuwa adhuhuri. Leticia alimpima mtoto, akasema ameongezeka gramu ishirini. Kina mama walishangilia. Hyasinta alisogea karibu na kisanduku, akainama, akasema, "Unaona, mrembo? Unaona?"

Mgeni alisubiri mpaka msichana yule aondoke. Kisha akamwambia Leticia, kwa sauti ya chini na iliyonyooka, "Sista, inatosha. Msimpe tena maziwa ya yule dada. Dini yetu hairuhusu."

Leticia alimtazama. "Mbona baba alikubali?"

"Baba hakuuliza vizuri. Mama ni mimi."

Leticia hakubishana. Aliandika kwenye faili kwamba mama amekataa kwa sababu za kidini, akaenda kutafuta maziwa ya kopo. Kupitia mlango uliokuwa wazi, Mgeni alimwona Hyasinta kwenye sinki, kikombe mkononi. Alikuwa ameambiwa. Alikitazama kidogo, akamwaga yaliyokuwemo, akafungua bomba, akasuuza.

Mgeni alijua Sadalla atakuja jioni na kuuliza. Alihitaji mtu wa kusimama nyuma yake. Alijitanda mtandio, akapanda bajaji, akashuka ukingoni mwa Kariakoo, akapita kati ya mikokoteni na marobota ya vitenge huku ameubana mshono wa tumbo kwa mkono, mpaka Mchafukoge, ghorofa ya tatu, kwa Ustadha Amira. Walisoma pamoja utotoni. Sasa mwenzake alikuwa akifundisha wanawake fikihi, yaani sheria za dini, na meza yake ilikuwa imejaa karatasi za mtihani.

Mgeni alimweleza kila kitu, isipokuwa alichomwambia Leticia.

"Kwa madhehebu yetu," Ustadha Amira akasema, "maziwa yakifika tumboni mwa mtoto aliye chini ya miaka miwili, yawe yamenyonywa au yamepitishwa kwa mpira, yanahesabika. Mara tano zilizo mbalimbali. Na kwamba yule ni Mkristo, hilo halizuii kitu. Kinachowatia wanazuoni wasiwasi katika mambo haya ya hospitali ni maziwa ya wanawake wengi kuchanganywa, mtoto asijue ni ya nani. Nyinyi mnamjua hata mtaa wake."

"Zikiwa nne?"

"Nne hazifanyi kitu."

"Basi nimeishia nne."

Ustadha Amira aliweka kalamu chini. "Kwa nini uishie nne? Mtoto ana uzito gani?"

"Kilo moja na gramu mia moja na ishirini."

"Daktari amesema maziwa yapi yanamfaa?"

Mgeni alitazama dirishani. Chini barabarani muuzaji wa maji alikuwa akigonga chupa zake. Ustadha Amira alivua miwani, akayafikicha macho, na alipozungumza tena hakuwa mwalimu. Alikuwa msichana aliyekuwa akikaa naye mkeka mmoja.

"Mgeni, ukinitaka nikwambie kwamba ni haramu, siwezi. Ukinitaka nikwambie kwamba hatakuwa mama, hilo nalo siwezi. Hatamrithi, hatakunyang'anya malezi, hana haki ya kumchukua. Lakini mama atakuwa. Hapo sina namna ya kukupunguzia."

 Mgeni alikuwa amekuja kutafuta katazo au faraja. Mwenzake alikuwa amemnyima vyote viwili. Alikuwa bado amekaa hivyo simu ilipolia. Ilikuwa namba ya wodi.

Alipofika, tumbo la mtoto lilikuwa limevimba na kukaza kama ngoma. Daktari alisimamisha chakula chote, akaagiza dawa za kuua vijidudu na maji ya mishipani. Alimwambia Mgeni kwamba hawezi kuapa kuwa ni maziwa ya kopo. Watoto wa umri huu matumbo yao ni mepesi, yanaweza kuharibika kwa sababu nyingi. Lakini maziwa ya mwanamke huyakinga, na ndiyo maana aliyataka. Alisema hivyo bila lawama. Mgeni angeipokea lawama kwa urahisi zaidi.

Sadalla alikuja, akalisoma faili. "Sababu za kidini," akarudia, na akamtazama mkewe kwa muda mrefu. Hakuuliza. Siku mbili walikaa pande mbili za kisanduku, na Mgeni, aliyekuwa amehesabu minyonyesho, sasa alihesabu pumzi. Wivu haukumtoka. Alishangaa kuukuta pale pale, umejikunja chini ya hofu, ukisubiri zamu yake. Alichokijua sasa ni kwamba anaweza kutembea nao.

Asubuhi ya siku ya tatu tumbo lilinywea. Daktari alisema waanze tena kwa mililita mbili, na akauliza maziwa yatatoka wapi.

Hyasinta alikuwa akikunja nguo. Alikuwa ameruhusiwa kwenda nyumbani, na Athanas amelala kitandani, amefungwa tayari kwa safari.

"Dada Mgeni, shikamoo," akasema, bila kuinua uso.

"Marahaba." Mgeni alibaki amesimama. "Nimekuja kukuomba maziwa."

Hyasinta aliendelea kukunja. "Sista aliniambia dini yenu inakataza. Nikajiuliza, au wananiona najisi? Maana ningejua mapema, nisingekuwa nakamua."

"Dini haikukataza. Nilikataza mimi."

Mikono ya Hyasinta ilisimama.

"Nilikuonea wivu," Mgeni akasema. Neno lilitoka kavu, dogo kuliko alivyolidhania. "Ukitimia mnyonyesho wa tano unakuwa mama yake, nami sikutaka awe na mama mwingine. Nilikukosea, na dini yangu nikaisingizia."

Msichana alikaa kitandani. Hakuonyesha kusamehe wala kukasirika. Alionekana tu mdogo, na amechoka. "Siku ile nilimwaga kikombe kizima," akasema hatimaye. "Kwetu maziwa hayamwagwi." Kisha akavuta kikombe kilichokuwa juu ya kabati, akageukia ukutani kukamua. "Nitakuwa nakuja kila asubuhi kabla ya kwenda Feri. Lakini mimi siingii tena kumpelekea mtoto. Uje mwenyewe uyachukue."

Mgeni alikipokea kikombe kwa mikono miwili, kikiwa na joto la mwili wa mtu. Alikivusha mwenyewe hadi wodini. Alimwomba Leticia amwachie alishike bomba, na Leticia akamwonyesha urefu wa kulishika. Maziwa yalishuka. Mgeni aliyatazama mpaka tone la mwisho lilipopita puani mwa binti yake. Mililita mbili tu. Ustadha Amira pengine angesema hazijashibisha, hazihesabiki. Mgeni aliamua kutomuuliza.

Alipoinua macho alimwona Hyasinta mlangoni, Athanas mgongoni, mfuko wa nguo mkononi. Alikuwa amesema haingii, na hakuingia. Alikuwa akichungulia tu, kwa shingo, kama mtu anayepita. Kile kitu kikamkwaruza Mgeni tena, kutoka kooni hadi kitovuni. Akakiacha kimkwaruze. Kisha akasogea, akaacha nafasi mbele ya kisanduku.

Hyasinta alikuja taratibu. Walisimama bega kwa bega wakimtazama mtoto, ambaye alikuwa akichezesha midomo usingizini.

"Mmempa jina?" Hyasinta akauliza.

"Bado. Tuliogopa."

 Mashine ya pembeni ilikuwa ikilia kidogo kidogo, bila haraka.

"Wewe," Mgeni akasema, "ungemwitaje?"

 Hyasinta aliweka mfuko wake sakafuni, akainama karibu na kioo, akawaza. Na Mgeni alisubiri jibu lake, akilitaka, akiliogopa.