Barua Isiyo na Tarehe

Fundi cherehani aliisoma karatasi, akadhani hakuelewa. Akaisoma tena, mtoto kalala mgongoni. "Mimi niliyetia sahihi hapa chini najitoa kwa hiari yangu katika kugombea udiwani, kwa sababu za kifamilia." Jina lake lilikuwa limeshapigwa chapa. Pa tarehe palikuwa peupe.

"Shemeji, hii ni nini tena?"

Katibu wa tawi la chama, kaka wa mumewe, hakuinua macho. "Utaratibu tu. Tia sahihi. Saa nne orodha iwe ofisi ya uchaguzi."

Sheria ilitaka wanawake watatu kati ya majina tisa, la sivyo orodha nzima inarudishwa. Kwa hiyo kila uchaguzi tawi liliokota watatu. Orodha ikishapokelewa, Katibu anajaza tarehe kwenye barua, wanawake wanajitoa, wanaume wa akiba wanaingia. Mjane wa bawabu na mpishi wa shule walikuwa wameshatia sahihi.

"Mimi sijitoi," alisema Fundi.

"Utajitoa!" Mwenyekiti, ambaye mtaa mzima ulimwita Kipaza, alipiga meza. "Ulidhani tumekuita uje kututungia sheria? Wewe wa kujaza namba, mama. Namba haisemi."

Wanaume kwenye benchi wakaangua kicheko. "Shule ya jioni hiyo!" mmoja akadakia. "Kajua kusoma juzi, leo anatusomea!"

Uso ulimwaka moto. Mtoto huyu alimzaa sakafuni, kwenye zahanati yenye kitanda kimoja cha uzazi, na kitandani kulikuwa na mwenzake anayepiga kelele. Siku ile ndipo alipoutaka udiwani. Aliirudisha kalamu mezani.

"Mtoeni, tutafute mwingine," alisema Kipaza, akatoka mlangoni. "Mama mayai! Njoo ugombee udiwani!"

"Nigombane na nani?" muuza mayai alijibu kutoka barabarani.

"Sahihi tu! Una kadi ya kura?"

"Iko nyumbani, kwani mayai yanauzwa kwa kadi? Mkitaka mayai niiteni, mengine sina nafasi."

Ilikuwa saa tatu na nusu. Kipaza alirudi ndani anahema.

Mpishi wa shule akanyoosha mkono. "Na mimi nirudishie barua yangu, mwanangu. Nimejitoa mara tatu, na sijawahi kugombea."

"Imeshaingia mfukoni, bibi. Kaa chini." Katibu alimgeukia Fundi, sauti imeshuka, na hapo ndipo ilipotisha. "Haya. Jina lako litakwenda. Lakini bango hupati, gari hupandi, na kwangu usikanyage. Mumeo nitaongea naye mwenyewe."

"Ongea naye. Ila ofisini nakwenda na wewe."

"Huniamini?"

"Hapana, shemeji."

Katibu alitembea kwa hatua ndefu makusudi ili amwache. Fundi alikaza kanga mgongoni, akamfuata karibu kukimbia. Dirishani karani alisoma majina, akafika kwake. "Huyu yupo?"

"Nipo," Fundi alisema kabla Katibu hajafumbua mdomo.

Muhuri ukagongwa, saa nne kasoro dakika sita. Katibu hakuondoka. Alitoa barua mbili mfukoni, akaziegemeza ukutani, akajaza tarehe ya leo huku anamtazama Fundi usoni, akazisukuma dirishani. "Hao wamejitoa. Wewe baki na kiti chako kimoja, tuone utakwenda nacho wapi."

Akageuka, akaenda zake.

Fundi aliinama dirishani. "Kaka, mtu aliyetiliwa tarehe na mwingine anaweza kuikana barua yake?"

Karani alimtazama, akamtazama na mtoto. "Aje mwenyewe, aikane mbele yangu. Mwisho saa kumi."

Mtoto alikuwa ameamka, anataka kunyonya. Fundi alimhamishia kifuani, akamwachia ziwa hukohuko njiani, akageuza kuelekea tawini kuwatafuta mjane na mpishi kabla ya saa kumi. Kama mpishi alikuwa amesharudi kazini, shule haikuwa mbali na hapo, na jikoni pangekuwa na mtu wa kumshikia mpishi mwiko.