Umeua Chainamani?

...na bado alicheka, huyo Lindsay, hilo ndilo linalomkera Tregear sasa, amechuchumaa nyuma ya vijiti vya kriketi, glavu magotini, mpigaji wa wapinzani, Castlemaine, amepiga goti anafunga upya kinga ya mguu, mwamuzi anatazama saa, na kule mwisho wa uwanja Lindsay Ah Sang, mrushaji wao, anauzungusha mpira mkononi, mkono wake wa kushoto, anangoja, wote wanangoja, maana miaka ishirini ni Tregear anayepaza sauti, "Haya, mletee Chainamani!", ndilo jina la mpira ule wa mashoto unaokatwa kwa kifundo cha mkono, hata vitabuni limo, nani akasirikie jina la mpira... lakini babu yake Tregear hakuwa na habari na kriketi, yeye neno lilo hilo aliwatemea Wachina waliopita na mikokoteni ya mboga, na pale baa lina maana yake nyingine, ukiandamwa na mkosi watu wanakuuliza, kwani umeua Chainamani? na ndivyo alivyoropoka yeye, Jumamosi ile, tiketi yake ya bahati nasibu ya baa, ile ya kushindania nyama, ilipokosa kwa namba moja tu, "Lo, mwaka huu nimeua Chainamani mimi!", baa nzima ikaangua kicheko, na Lindsay amekaa palepale na tai yake nyeusi, wametoka kumzika baba yake mchana uleule, Mzee Ah Sang, Mchina kwa ukoo, aliyewaletea klabu nyanya kila Krismasi, na jeneza Tregear alilibeba yeye mwenyewe, bega lilikuwa bado linamuuma alipolitamka neno lile... angeomba radhi, ila Lindsay alicheka, basi yameisha, si yameisha? hapana, kwanza aliwatazama wengine, mmoja mmoja, ndipo akacheka... "We Tregear, umemeza ulimi leo?" ni Kev, mwenzake wa timu, pale kando yake, "Mwite Chainamani wako!" na Lindsay anamtazama Kev, anamtazama mwamuzi, kicheko kinajipanga mdomoni, na Tregear anakiona kinavyojipanga, miaka ishirini hakuwahi kukiona... "Lindsay," anaita, "siku ile ya mzee, pale baa, nilisema upuuzi." "Siku gani, bwana?" "Unaijua." Mpira unaacha kuzunguka. "Naijua," anasema Lindsay, wala hacheki, "Mama alikuwa mlangoni. Alikuja kuwashukuru mliobeba jeneza." Na mpigaji bado amepiga goti, anavuta mkanda, anauvuta tena.