Tiketi Nambari 417

Ijumaa ya mwisho ya Juni, saa mbili na nusu asubuhi, Trizah Aoko alikuwa ndani ya ghala la kiwanda cha blanketi mjini Thika, akibandika tiketi kwenye marobota ya pamba. Alikuwa mwanagenzi wa ukaguzi katika ofisi ndogo ya Ruiru, juu ya duka la dawa za mifugo, na kanuni za kuhesabu mali alizijua kama sala. Geti hufungwa. Kitu hakiingii wala hakitoki. Kila kilichomo ghalani hubandikwa tiketi yenye nambari, na jioni kila tiketi sharti ionekane kwenye orodha, la sivyo hesabu haifungwi.

Kwenye safu ya mwisho alimkuta Calvince ameketi juu ya marobota. Calvince alikuwa mpakizi, na alikuwa amefariki miaka minne iliyopita, marobota yalipomwangukia. Nyusi zake zilikuwa na pamba, na bega la kulia lilikuwa limeshuka. Mzee Nzioki, mtunza ghala, alimpungia mkono kama kawaida.

“Huyo afadhali umruke, madam,” Nzioki alimwambia Trizah. “Hayuko kwa vitabu. Imeandikwa alitoroka kazi.”

Calvince alieleza mwenyewe, bila kinyongo. Aliingia Jumamosi asubuhi, akapiga kadi, hakutoka. Marobota ya chini ni ya akiba na hayaguswi, kwa hivyo hakuna aliyeyainua. Harufu ilipokuja, kiwanda kilinunua sumu ya panya. Mama Lynn, mkewe, alipokuja kuuliza getini, aliambiwa mumewe ametoroka, pengine na mwanamke. Fidia hupewa waliofiwa, hawapewi walioachwa, na mama Lynn akarudi nyumbani na binti yake mikono mitupu.

“Mimi nataka niandikwe tu,” alisema. “Mama Lynn akipata karatasi iko na stempu ya auditor, ataipeleka ofisi ya leba. Na mimi nitoke. Geti inataka kadi, na mtu ametoroka hana kadi.”

Trizah alifikiri kidogo. Mwalimu wake wa masomo ya jioni alikuwa amewakaririsha hadi wakachoka: kilicho sakafuni lazima kiwe karatasini. Hakukumbuka kusoma popote kwamba marehemu hutengwa. Akatoa tiketi nambari 417, akambandika kifuani, na kwenye orodha akaandika: mpakizi, mmoja, amefariki. Calvince aliinamisha kichwa akaisoma nambari yake mara mbili. Trizah alijisikia vizuri siku ile nzima, jambo ambalo mwanagenzi hapaswi kulizoea.

Jumatatu, bosi wake, Bwana Kinyanjui, aliipitia orodha kwa kalamu ya kijani. Kinyanjui alikuwa mzee wa kanisa, mtu mpole, hajawahi kumpazia mtu sauti. Kalamu ilifika 417 ikasimama.

“Trizah, hii ni nini?”

“Ni Calvince, sir. Yuko kwa ghala. Nilimhesabu mwenyewe.”

“Sijasema hayuko.” Alivua miwani akaipangusa. “Marobota ni ngapi?”

“Elfu mbili mia tatu na kumi na sita.”

“Na yeye ni mmoja. Wee, hiyo si material.”

Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Katika ukaguzi kuna kiwango cha kitu kuwa material, yaani kizito, na tofauti isiyofika kiwango hicho haisumbui mtu. Mteja naye alikuwa mkubwa kuliko wateja wengine wote wa ofisi wakiwekwa pamoja.

Trizah alifungua mdomo ajibu, kisha akaliona daftari lake la mafunzo. Mitihani peke yake haimfanyi mtu kuwa mhasibu; lazima apate miaka mitatu ya kazi iliyotiwa saini, ukurasa kwa ukurasa, na mtu kama Kinyanjui. Ofisi nyingine haipokei daftari la nusu. Karatasi zake mbili za mtihani zilizobaki alizisomea chumbani kwake Mwihoko, miguu ndani ya beseni la maji baridi ili usingizi usimshinde. Miaka mitatu yote ilikuwa ndani ya daftari lile, na daftari lilikuwa chini ya kiwiko cha Kinyanjui. Mkono usioweza kuukata, ubusu, walisema wahenga, na wahenga hawakuwahi hata kufanya mitihani ya CPA.

“Andika tiketi imeharibika,” Kinyanjui alisema kwa upole. “Halafu uende uilete, iwekwe kwa file. Nitakuonyesha vile hufanywa.”

Akamfungulia faili la mwaka uliopita. Tiketi moja, imeharibika, saini ya Byron, mwanagenzi aliyemtangulia. La mwaka wa kabla yake: tiketi moja, imeharibika, saini ya Tabby, mwanagenzi wa kabla ya Byron. Byron sasa yuko benki, Tabby ana ofisi yake Kahawa Sukari. Nyuma ya kila tiketi, pamba ilikuwa imeganda kwenye gundi. Trizah aliona haya hadi masikio yakamwaka moto. Kisha akaandika alivyoambiwa. Kinyanjui alitia saini kurasa zote za daftari isipokuwa wa mwisho, ambao ungengoja tiketi.

Jumanne alirudi Thika. Calvince alikuwa palepale, kiganja kifuani. Alipomwona Trizah, aliitoa tiketi mwenyewe, akainyoosha juu ya goti, akampa.

“Pole, baba Lynn,” Trizah alisema. “Pole sana.”

“Ni sawa, madam. Mtihani ni lini?”

“Agosti.”

“Utapita. Wote walipita.” Alijipangusa pamba usoni. “Mwaka ujao nani atakuja?”

“Sijui. Mimi nitakuwa nimepandishwa. Ni mimi nitakuwa natuma mtu.”

Calvince alitikisa kichwa kukubali, kama anayepokea zamu.

“Basi mwambie abebe gundi mzuri. Hii ilianza kubanduka Jumamosi, nikaishikilia na mkono hadi leo.”

Trizah alifungua kijitabu chake, akaandika: gundi.