Kitaa Chini ya Unga

Mashine ya kusaga ya Pelagia, pale Igalula karibu na stesheni, iligoma katikati ya kazi siku ya gulio. Fundi umeme Abbasi akaitwa kutoka Chemchem, Tabora mjini. Ukoo wake ni Wazaramo waliolowea Tabora tangu enzi za misafara. Pelagia ni Mnyamwezi wa hapo hapo. Watani, basi, na watani hawa wakikutana mwenye moyo mwepesi na akae mbali.

Abbasi hajashuka vizuri kwenye pikipiki, Pelagia kamlaki kwa kilio cha msiba. "Mzaramo kaja kufia kwetu! Nani ana sanda ya bure?" Fundi alipoinama kufungua boksi la swichi ya mota, mwanamke akapiga ukelele: "Nge! Nge mgongoni!" Abbasi akaruka mpaka kofia ikaanguka, na akina mama waliokaa na ndoo zao za mahindi wakacheka wakashika mbavu. Punde akamtisha tena, safari hii nyoka, na Abbasi akaruka tena, maskini.

"Sasa hunipati," alisema Abbasi akijifuta jasho. "Hata aje simba."

Akaushusha mkono wa swichi kuu ukutani kukata umeme. Akatoa kipimo chake chenye nyaya mbili, mwekundu na mweusi, akagusisha ncha zake kwenye skrubu za shaba ndani ya boksi. Sifuri. Akahamisha. Sifuri. Akakiweka chini, akakunja mikono ya shati.

Pelagia alikuwa upande wa pili wa mlango wa boksi, anaupangusa kwa pembe ya kanga. Chini ya unga kikatokea kitaa chekundu, kidogo kama punje ya mtama. Kinawaka. Kila jioni akikata umeme hukipangusa kuhakikisha kimezimika, ndipo afunge mlango aende nyumbani.

"Abbasi, usiguse. Umeme upo."

"Ehee! Nilijua tu."

"Kweli tena! Kitaa kinawaka!"

"Na yule nge, hajambo?" Abbasi hata hakuinua kichwa. Wanawake wakaangua kicheko, na mmoja akadakia, "Mwache akaangike, tumlie ugali!"

Pelagia akanyoosha mkono, akaurudisha. Kumvuta aliogopa, maana mtu aliyeinama vile ukimshtua anaangukia humo humo. Alibaki na mdomo, na mdomo wenyewe kauharibu tangu asubuhi. Mzaha mzaha hutumbua usaha, na usaha wa leo ungekuwa maiti ya baba wa kichanga, ambaye mkewe Mwamvita hajatimiza hata arobaini ya uzazi. Nitamwambia nini Mwamvita, aliwaza. Kwamba nilikuwa natania?

Akapiga magoti. Kwenye unga, viganja vimekutana, macho chini, kama mke anavyomwamkia baba mkwe.

"Shikamoo, kaka Abbasi," alisema. "Nakusihi, toa mkono."

Mtani hampigii mtani magoti. Kicheko kikakatika ghafla. Abbasi akageuka, vidole vyake vikiwa karibu kabisa na shaba, akamtazama mwanamke yule pale chini, kisha akaurudisha mkono wake taratibu. Akazunguka mlango. Akakiona kitaa.

Alichukua kipimo, akaingia duka la jirani ambamo redio ilikuwa inaimba, akachomeka ncha kwenye soketi iliyo ubavuni mwa ile ya redio. Redio inaimba, kipimo kinasema sifuri. Waya mwekundu ulikuwa umekatikia ndani ya gamba lake. Na hapo ndipo alipopaswa kuanzia: kukijaribu kipimo penye umeme unaojulikana, ndipo akiamini kwingine. Huwahubiria mafundi wenzake hivyo kila siku, lakini leo nge na nyoka walimsahaulisha.

Aliporudi aliagiza watu wa umeme wapigiwe simu waje wakate kwenye nguzo, kwani swichi ya ukutani ilishuka mkono tu, vyuma vya ndani vimegandana. Kisha akakaa kwenye unga kando ya Pelagia, ambaye bado hajainuka.

Pelagia akaushika mkono wake wa kulia, akaugeuza kiganja, akavitazama vidole kimoja kimoja kama mama anayemkagua mtoto aliyeanguka. Ulikuwa na joto lake, mzima. Ndipo alipoanza kulia.