Rubani wa Masufuria

Mtaani walimwita Rubani, na jina hilo alijipa mwenyewe. Alipopata kazi kwenye kampuni ya roboti, alimwambia mkewe kwamba anaongoza mitambo iliyoko ng'ambo, akaishia hapo kama mtu aliyekabidhiwa siri ya serikali. Mkewe akaamini. Tangu hapo bwana akirudi jioni alijimwaga kwenye kochi, na sahani akaiacha palepale alipokula, maana akili imechoshwa na mitambo.

Siku moja akasahau simu mezani. Mkewe akaona ampelekee kazini. Msimamizi, mama mmoja mchangamfu, akamfikisha kwenye ukumbi wa vioo. Humo watu walisimama wamefunikwa macho kwa miwani mikubwa, mikononi glavu zenye nyaya, kila mmoja akipapasa hewa. Rubani alikuwa katikati yao, akisugua kitu kisichokuwepo.

Msimamizi akamwonyesha skrini iliyokuwa juu ya mumewe. Huko, jikoni kwa watu, roboti yenye umbo la binadamu ilikuwa ikisugua sufuria, ikifuata kila alichofanya Rubani. Ikaisuuza, ikaifuta, ikaiweka kabatini. Kisha ikageukia kapu la nguo na kuanza kukunja soksi za watoto, pea kwa pea.

"Huyu ndiye mkali wetu," msimamizi akasema. "Wenye nyumba wanamgombania. Wewe huko kwako lazima unafaidi."

Mke akashukuru, akaacha simu mapokezi, akaondoka zake.

Jioni, walipomaliza kula, akamweleza mumewe alichokiona. Rubani alikohoa, akajitetea kwamba kazi zile ni za roboti, yeye anachangia mikono tu.

"Basi ilete hiyo mikono," mkewe akasema, akampa sponji.

Hakuwa na pa kutokea. Akasimama kwenye sinki, akashika glasi kama alivyozoea kazini. Ikamponyoka, ikapasuka. Siku zote hizo za kuosha vyombo, hakuwahi kuguswa na tone la maji wala povu la sabuni.

"Kumbe zinateleza hivi," akasema kinyonge, kama mtu aliyeonewa.

Mkewe alicheka hadi mbavu zikamuuma. Alipotulia akazoa vipande, akamsogezea sufuria, kisha akavuta kiti na kukaa karibu naye. Akamuuliza kama huko ng'ambo anakunja na zile shuka zenye mpira pembeni, zilizomshinda yeye miaka yote.

Rubani akaona haya. Alikuwa anaziweza, tena vizuri mno.