Jicho Lililosuguliwa kwa Majivu

Mtu akishiba hushukuru, hilo halina ajabu. Lakini Yunusi, mpiga picha wa Morogoro, alifika mahali pa kushukuru kwa kuharibiwa mali yake, tena na mke wake, tena kwa majivu ya jikoni. Nitakueleza ilivyokuwa, maana watu wa mjini wameisimulia wakaivuruga.

Ilikuwa enzi ya Mdachi, reli imekwisha kupita, na mji umejaa makarani, askari na wenye maduka, kila mmoja akitaka sura yake itundikwe ukutani. Yunusi alikuwa na chumba chake karibu na stesheni, kamera ya mbao ya miguu mitatu, na lenzi tatu kuukuu alizoachiwa kwa bei ya kutupa na tajiri wake wa zamani alipohamia Tanga. Wateja waliziita macho. Jicho la kwanza lilikuwa pana, la milima na majengo na makundi ya watu wa reli. La pili dogo, jepesi, la safarini. Zote mbili zilipakwa rangi nyeusi. La tatu lilikuwa nene, la shaba tupu, zito kama mchi, nalo lilikuwa la nyuso. Ukikaa mbele yake hata makovu yako ya ndui yanahesabika. Hilo ndilo lililowalisha yeye na mkewe Pili na mtoto wao Rehani.

Sasa mpwa wake Mosi, binti wa dada yake Furaha, alikuwa amewekwa ndani huko mlimani juu ya Mkuyuni, akifundwa, na siku ya kutolewa ilikuwa imekaribia. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye mzigo. Mwali hatoki mpaka mjomba alete nguo. Baba akikosa, watu watasema ana bahati mbaya. Mjomba akikosa, wataliimba jina lake ngomani mpaka mvua zije. Na Yunusi msimu ule hakuwa na kitu, biashara ilikuwa imelala doro. Alikuwa na lenzi.

Akaenda kwa Taherali, mwenye duka la nguo, ambaye shemeji yake alikuwa mpiga picha Dar es Salaam.

"Niletee mbili," Taherali akasema, "uchague nguo mwenyewe, kanga, kaniki, shanga, mpaka mwali wako apendeze. Macho matatu ya nini, Yunusi? Mungu mwenyewe katupa mawili, na hayo hayo yanatutia matatani."

Mbili, lakini zipi? Jioni ile Yunusi alizipanga lenzi zake juu ya mkeka akazitazama kama mtu anayechagua mtoto wa kumpeleka kwa jirani, akiwaza kwa sauti. Akiuza ile pana, anawakosa watu wa reli. Akiuza ile ya shaba, anazikosa nyuso, na asiye na nyuso ana nini? Ile ndogo peke yake Taherali asingeipokea. Akaziinua, akazirudisha, akasema atapata jibu asubuhi. Akaenda kulala.

Pili aliyasikia yote hayo kutoka jikoni, akasikia neno moja tu lililomhusu: kesho kitu kinapelekwa dukani. Naye alikuwa mwanamke wa kazi. Kwao chombo cha shaba hakitoki nje ya nyumba kikiwa na kutu, hata sinia la kuazimwa hurudishwa likimeta. Zile nyeusi hazikuwa na cha kung'arishwa. Alfajiri akaichukua ile nene, akaja na majivu, mchanga laini, ndimu na kumbi la nazi, akasugua. Akasugua shaba mpaka ikawa dhahabu. Kisha akaona kioo nacho kina vumbi, na si kawaida yake kuacha kazi nusu.

"Nimeing'arisha, Baba Rehani," akamwambia mumewe akiwa amejaa furaha, "ili Taherali asikupunje."

Yunusi aliishika lenzi akaielekeza mlangoni penye mwanga. Kioo kilikuwa kimekwaruzwa mduara kwa mduara, kama chungu kilichokwanguliwa ukoko. Hasira ilimpanda, lakini aliviona vidole vya mkewe vimechubuka kwa mchanga. Akakaa kizingitini, akaiweka lenzi mapajani. Pili akaelewa, akaingia ndani akalia, na hapo nyumba nzima ikapoa.

Basi jibu la asubuhi likawa limejijibu lenyewe. Lenzi ile hakuna ambaye angeinunua hata kwa muhogo. Akazipeleka zile nyeusi mbili. Taherali alinuna, maana jicho lake lilikuwa kwenye ile ya shaba, lakini ahadi ni ahadi, akatoa nguo nzuri, tena Dolat mkewe akaongeza mtandio mwekundu kwa ajili ya mwali. Yunusi akafunga mzigo, akapandisha mlima na mkewe na mtoto, na ile kamera begani, ndani yake jicho bovu. Alilibeba kwa sababu hakuwa na jingine. Moyoni alijua akirudi mjini atatafuta jembe.

Na hapo kwenye jembe ndipo penye donda lake. Zamani, alipoacha shamba akaenda kubeba masanduku ya mpiga picha, mama yake, Bi Mwajuma, alimwambia, "Nenda kwenye vivuli vyako. Ukirudi sitakujua." Maneno ya hasira, kila mama huyasema. Lakini miaka ya karibuni yule mama alikuwa kama ameamua kuyatimiza. Yunusi akija nyumbani kwao mlimani, mchana kweupe, mama yupo uani anapukuchua mahindi, hainuki. Akisikia hatua anauliza, "Nani huyo?" huku mwanawe amesimama mbele yake. Yunusi naye ni mkaidi, kwa hilo ni mtoto wa mama yake kweli. Husimama kimya akingoja kutambuliwa, na akichoka hutoa shikamoo baridi, mama anaitikia marahaba, yamekwisha. Ndiyo maana alikuwa haji mara kwa mara.

Safari hii ilikuwa vilevile. "Nani huyo?" Kimya. "Shikamoo, mama." "Marahaba. Kumbe ni wewe." Pili akamtazama mumewe, kisha akaenda kufungua mzigo, kwa kuwa yeye mwenyewe bado alikuwa na deni la lenzi.

Asubuhi mwali akatolewa. Mosi alibebwa mabegani, kavaa nguo za mjomba, mtandio mwekundu kichwani, na vigelegele vikapita mpaka ng'ambo ya bonde. Hakuna aliyeliimba jina la Yunusi kwa ubaya. Furaha akamwambia kaka yake, "Umetupamba. Sasa tupige picha, mimi, mwali na mama." Atasemaje? Akaisimamisha kamera, akawapanga mbele ya nyumba, jua likitoka nyuma yao juu ya mgongo wa mlima, kwa kuwa uwanja haukuwa na upande mwingine wa kusimama. Akajifunika kitambaa cheusi.

Ndani ya kamera watu huonekana vichwa chini, hilo alilizoea. Hakuzoea alichokiona siku ile. Jua lilikuwa limeingia katika mikwaruzo ya Pili likatapakaa kote. Hapakuwa na nyuso. Palikuwa na weupe, na ndani ya weupe vivuli vitatu vikitikisika, hakujua dada ni yupi, mwali yupi. Kimoja kikasogea.

"Nani huyo?" akauliza kutoka ndani ya kitambaa.

"Furaha," dada yake akajibu akicheka. "Nawe umekuwa kama mama? Kila nikitokea mlangoni ananiuliza hivyo hivyo."

Yunusi akautazama tena ule weupe, watu wakadhani anapima mwanga. Kisha akatoka, akamwendea mama yake, akapiga magoti, akamtazama machoni kwa karibu, jambo ambalo hakulifanya tangu utotoni. Katikati ya macho palikuwa na weupe kama maziwa.

"Mama, huoni."

"Naona mwanga," Bi Mwajuma akasema. "Naona mtu anakuja, simwoni ni nani."

"Tangu lini? Mbona hukusema?"

"Niseme mninyang'anye jembe? Mnikalishe jikoni kama kifaranga?" Akanyoosha mkono akaupapasa uso wa mwanawe, paji, pua, kidevu chenye ndevu ambazo hakuwahi kuziona. "Nawe ukija unasimama tu kama mgomba. Nikadhani bado una hasira nami."

Yunusi alilia mbele za watu, siku ya furaha, na watani wakamcheka sana, ndiyo kazi yao. Kisha akamwendea Pili, akaishika ile mikono yenye michubuko, akasema asante. Hakueleza asante ya nini. Pili alijua.

Picha aliipiga. Mjini aliitundika mlangoni kwa ajili ya kuitazama yeye, si kwa biashara, lakini Dolat akaiona akasema ndiyo picha ya kwanza Morogoro ambayo watu wake hawaonekani kama wamekamatwa kwa kodi. Akataka ya kwake, kivulini, na ikatoka laini, uso wake umetulia kama wa mtu aliyetoka kuswali. Mashoga zake nao wakaja. Baadaye Taherali akaja na zile lenzi nyeusi mbili mkononi, anataka kubadilishana na ile mbovu.

"Macho matatu ya nini," Yunusi akamjibu. "Hili moja linanitosha."

Na tangu hapo, kila alipopanda mlima, hakungoja kuulizwa. Chini kabisa kwenye migomba, nyumba haijaonekana, alianza kuita: "Mama! Ni Yunusi, nakuja!"

Na Bi Mwajuma aliweka mahindi chini, akainuka, akaja.